Dakika Moja ya Kona

Nakusalimu wewe unayefunga kibanda sokoni Karatina, wewe uliye kwenye matatu inayopanda kutoka Embu, nawe mama uliyeko jikoni kule Nanyuki ukichagua maharagwe ya kesho huku redio ikikupigia soga. Jioni ya leo nataka tuzungumze ngumi, ila wanaozirusha tuwaache kidogo. Tumtazame yule anayebaki nje ya kamba, taulo begani na ndoo ya maji miguuni. Tumtazame kocha.

Bondia wa ngumi za ridhaa hupigana raundi tatu za dakika tatu tatu, na baina ya raundi hupumzika dakika moja. Dakika hiyo ni fupi kuliko inavyosikika. Kengele inalia, kijana anaburuta miguu hadi kona yake na kukaa: sekunde kumi zimekwenda. Anatolewa kikinga meno, anasukutua, anapanguswa pua: kumi nyingine, pengine kumi na tano. Kisha kabla ya kengele ya pili wasaidizi wanaamriwa watoke, kigoda kiondolewe. Kocha anabaki na nusu dakika ya kusema lake. Na raundi inapoendelea, sheria za ridhaa kwa miaka mingi zimemtaka akae kitako na anyamaze. Kwa hiyo yote anayoyajua, jasho lake la miaka yote, lazima yapite kwenye tundu hilo la nusu dakika.

Wenzangu wakienda kutazama ngumi hutafuta viti vya kuona ulingo wote. Mimi hutafuta mahali pa kusikia kona. Na nimesikia mengi katika kumbi za miji yetu hii. Kuna kocha anayemmwagia kijana maneno kama anayejaza mahindi kwenye gunia: inua mkono, zunguka kushoto, usirudi nyuma, mpige tumboni, mbona umelala! Kijana anasimama bila kuondoka na hata moja. Kuna anayempiga bondia wake makofi ya mashavuni eti aamke. Na kuna mmoja nilimwona Nanyuki ambaye karibu dakika nzima hakufungua kinywa. Alimwekea kijana mkono kifuani, akavuta pumzi polepole, akaishusha, akavuta tena, mpaka kijana naye akaanza kupumua kwa mwendo ule ule. Kisha akamwambia: "Mkono wa kushoto tu." Basi. Kengele ikalia.

Ukiwauliza watu tofauti hii inatoka wapi, watakwambia kila mtu na tabia yake. Mimi naona tabia ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni historia ya miji tunayokaa.

Tazama ramani. Nanyuki imejengeka kandokando ya kambi za wanajeshi na uwanja wa ndege za kivita wa Laikipia. Kilomita chache kutoka Nyeri mjini kuna Kiganjo, ambako vizazi kwa vizazi vya polisi wa Kenya vimefunzwa kupiga saluti. Gereza la King'ong'o liko hapo hapo karibu. Na polisi, jeshi na magereza ndio waajiri wakubwa wa wanamichezo katika nchi hii. Catherine Ndereba, binti wa Gatunganga hapa kwetu Nyeri, alijiunga na Magereza mwaka 1994, ulimwengu ukiwa bado haujamjua kuwa ndiye malkia wa marathoni. Katika ngumi hali ni hiyo hiyo, pengine zaidi. Benson Gicharu, aliyeleta medali ya fedha kutoka Delhi mwaka 2010 na ya shaba kutoka Glasgow mwaka 2014 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa polisi, mtu wa timu ile wanayoiita Chafua Chafua. Nick Okoth, aliyepigana Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na akarudi tena Tokyo miaka kumi na mitatu baadaye, alikuwa mwanajeshi.

Kwa hiyo kijana wa mtaa wa Majengo au wa Witemere anapovaa glavu mara ya kwanza, mawazo yake hayako Las Vegas. Anawaza barua ya kuajiriwa, mshahara wa mwisho wa mwezi, chumba cha kambini, bima ya matibabu ya mama yake. Kocha naye anajua hivyo. Anamwandaa kwa ulingo na kwa gwaride kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu ukiingia kwenye kumbi zetu nyingi unasikia filimbi, unaona vijana wamejipanga mstari mmoja, aliyechelewa anapiga pushapu, na wote wanajibu "ndiyo afande" hata kama afande mwenyewe mchana huuza viazi.

Siudharau mtindo huu, na ningependa mnisikilize vizuri hapa. Katika nchi hii ya mlima, ambako pombe ya bei rahisi imewamaliza vijana wa vijiji kadhaa huku tukitazama, mtu anayemwamsha mtoto wa watu saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, ukungu umelala hadi kwenye madirisha, amemtendea jambo kubwa. Nawajua wanaume wenye familia leo ambao kilichowatoa kwenye vichochoro ni filimbi ile. Wao wenyewe wanasema.

Lakini kuna jambo limechanganywa, na nadhani najua lilikochanganywa. Twendeni kidogo Embu.

Juu ya mji wa Embu, kwenye miteremko ya mlima, kuna Chuo cha Walimu cha St. Mark's, Kigari. Hapo ndipo timu ya taifa ya mbio za nyika ilipokuwa ikipiga kambi kabla ya kwenda mashindano ya dunia. Kocha aliyeipa kambi ile sifa ni Mike Kosgei. Wanariadha walikimbia mara tatu kwa siku, alfajiri, katikati ya asubuhi na alasiri, kwenye vilima ambavyo gari dogo linavipanda kwa kunung'unika. Walilala kwenye mabweni ya wanafunzi, wakila pamoja, bingwa wa dunia na mtoto aliyefuzu jana. Tangu mwaka 1986 hadi 2003 wanaume wa Kenya walitwaa taji la timu mara kumi na nane mfululizo. Kumi na nane! Ni mashamba machache ya mchezo yaliyotoa mavuno kama hayo.

Habari za Kigari zilienea milimani kote, na kila kocha wa kila mchezo akajifunza somo moja: kaza. Yule anayeweza kustahimili ndiye atakayebaki. Atakayeshindwa na aende. Makocha wa ngumi nao walilichukua somo hilo zima zima, wakalipeleka ulingoni.

Hapo ndipo penye kosa. Mkimbiaji akichoka Kigari alibaki nyuma. Aliwaona wenzake wakipotelea kwenye kona ya barabara, akatembea, akarudi bwenini na aibu yake, kesho akaamka akajaribu tena. Kuchoka kwake hakukumletea jeraha. Bondia akichoka mikono inashuka, na mikono ikishuka anapigwa kichwani. Huwezi kumchuja bondia kwa kumchosha mpaka aanguke kama unavyomchuja mkimbiaji, kwa sababu mkimbiaji anaanguka kwenye nyasi, na bondia anaangukia ngumi ya mwenzake. Makocha wetu walichukua ukali wa Kigari wakaacha kuuliza mwili wa bondia unafanya nini ukali ule unapofika mwisho.

Na hata ukali wenyewe tuliuelewa nusu. Kipchoge Keino, babu wa mbio zetu, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo pale pale chuo cha polisi cha Kiganjo. Alikaa katikati ya gwaride. Lakini mazoezi yake mwenyewe, yaliyomletea dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968, kwa sehemu kubwa aliyapanga yeye mwenyewe, akisikiliza miguu yake. Filimbi ilikuwa ya kazi. Kwenye mbio alikuwa kocha wa nafsi yake.

Sasa nawaambia yangu. Nilianza ngumi nikiwa na miaka kumi na mitano, katika ukumbi wa mji mmoja wa huku kwetu ambao sitautaja, chini ya mzee mmoja aliyestaafu jeshini ambaye naye sitamtaja. Mimi natumia mkono wa kushoto. Nyumbani nilikuwa nimeshachapwa vya kutosha ili nile kwa mkono wa kulia na kuandika kwa mkono wa kulia, na nilipofika ukumbini nikakuta mambo ni yale yale. Tulipangwa mstari, mguu wa kushoto mbele, ngumi ya kushoto mbele, kila mtu sawasawa na jirani yake. Niliposimama kinyume nilipigwa fimbo ya paja. "Unaharibu mstari," akaniambia. Nikasimama kama wengine. Kwa mwaka mzima ngumi yangu nzito ilikaa mbele ambapo haina nafasi ya kuzunguka, na ile nyepesi ikakaa nyuma ambapo haina kazi.

Jioni moja alinipanga kuspaa, yaani kupigana kwa mazoezi, na kijana aliyenizidi kilo nyingi. Alisema nimekuwa mlaini. Kulikuwa na kofia moja tu ya kukinga kichwa, na ilikuwa kwa yule mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na pambano wiki hiyo. Sikumbuki raundi ya pili. Nakumbuka nikiwa nyumbani nimeshika ukingo wa kitanda, natapika, na taa ya chemli ina miali miwili. Kesho yake nilikwenda ukumbini nikamweleza. Akanipa glavu. Na yale maneno ambayo kila aliyewahi kufunzwa chochote nchini hapa ameyasikia akanipa pia: samaki mkunje angali mbichi.

Nimeufikiria usemi huo miaka mingi. Ni usemi wa kweli. Ila wanaoutumia hutazama kukunja tu, wakasahau kwamba hata samaki mbichi ana mfupa.

Baada ya hapo niliacha, na aliyenirudisha kwenye ngumi alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na mashine yake kwenye baraza ya duka la vitambaa, na saa kumi na mbili jioni alifunga kazi akatufunza vijana wanne au watano nyuma ya jengo, penye taa moja. Alikuwa amepigana zamani, sijui mara ngapi, hakupenda kuyasema. Siku ya kwanza hakunivisha glavu. Aliniambia nizunguke tu, nitembee, nirushe jiwe ukutani, nilidake. Nikalirusha. Akasema, "Wewe ni wa kushoto. Nani alikudanganya?"

Msikilizaji, sijui kama unaelewa mtu anavyosikia kuambiwa hivyo baada ya miaka kumi na sita ya kufichwa mkono wake.

Fundi yule alitufunza kama alivyoshona. Hakukata kitambaa kabla ya kupima. Mwenzetu mmoja alikuwa na mikono mirefu ajabu. Huyo alifunzwa kukaa mbali na kurusha ngumi ya moja kwa moja, basi, miezi na miezi. Mwingine alikuwa mfupi mwenye kifua kama pipa. Huyo alifunzwa kuinama, kupita chini, kuingia ndani na kupiga mbavu. Hatukufanana hata kidogo. Ungetuona pamoja ungedhani tumetoka klabu nne tofauti. Na alikuwa na jambo lingine. Jina langu la Kikuyu ndilo lilikuwa jina la marehemu baba yake. Kwetu watoto hupewa majina ya babu na nyanya zao, na unapokutana na kijana aliyebeba jina la mzazi wako unamwita kama unavyomwita mzazi. Kwa hiyo akaniita baba. "Baba, shusha kidevu. Baba, pumzika." Ni vigumu sana kumtukana mtu unayemwita baba. Sikumsikia akinitukana, na baada ya muda nikagundua kuwa hakuwa akimtukana yeyote.

Haki yake niiseme yote, pamoja na upungufu wake. Alikuwa mpole kupita kiasi kwa wavivu. Vijana wawili wenye kipaji kuliko mimi waliacha kwa sababu hakuwasukuma, na mmoja akaishia pabaya. Hakumjua mkubwa yeyote wa polisi wala wa jeshi wa kumwombea mtu nafasi. Yule mzee wa filimbi alikuwa akiwajua, na wanafunzi wake kadhaa waliajiriwa; leo wana mashamba. Kwa hiyo nisimchore fundi wangu kama malaika na yule mwingine kama shetani. Hesabu za maisha hazikutoka hivyo.

Hata duniani makocha wakubwa hawakukubaliana juu ya jambo hili la kuwapa wote umbo moja au kumfunza kila mtu kwa kipimo chake. Cus D'Amato wa Marekani alikuwa na umbo moja la kupigana: glavu zote mbili juu mashavuni, kichwa kinayumba bila kukoma. Aliwavika umbo hilo vijana wake wote, wala hakutaka mjadala. Kwa umbo hilo Floyd Patterson akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1956 akiwa na miaka 21, na Mike Tyson akavunja rekodi hiyo mwaka 1986 akiwa na miaka 20. Ukisimulia hivyo D'Amato anasikika kama yule mzee wangu wa mstari. Lakini Tyson alipomfikia alikuwa mtoto wa shule ya kurekebisha tabia, na D'Amato alimchukua nyumbani kwake, akakaa naye mezani, mama yake alipofariki akawa mlezi wake kisheria. Aliukunja mwili wa kijana huku akijua kila kilichokuwa ndani yake. Alifariki mwaka mmoja kabla ya kijana kuvishwa mkanda, na mengi yaliyomkuta Tyson baadaye yalimkuta akiwa hana mtu wa namna hiyo kwenye kona.

Upande wa pili alikuwa Angelo Dundee, kocha wa Muhammad Ali. Ali alipigana mikono chini, akirudisha kichwa nyuma, mambo ambayo kitabu chochote cha ngumi kinakataza. Dundee hakumnyoosha. Kule Kinshasa, Oktoba 1974, Ali alipoegemea kamba akamwachia George Foreman ampige atakavyo, Dundee alimpigia kelele atoke kwenye kamba. Ali hakutoka. Raundi ya nane Foreman alikuwa chini. Kocha alikuwa amekosea na bondia alikuwa sahihi, na sifa ya Dundee naiona hapo: alikuwa amemlea mtu anayeweza kumkatalia.

Hapa kwetu Kenya tulikuwa na Philip Waruinge wa Nakuru. Mexico mwaka 1968 alipata medali ya shaba tu, lakini waamuzi wa Olimpiki walimpa kombe la Val Barker, linalopewa bondia aliyepigana kwa ustadi kuliko wote. Wote, pamoja na wenye dhahabu. Miaka minne baadaye akapata fedha Munich. Natamani kila kocha wa milimani anayesema ngumi ni kifua tu apate siku moja kuona picha za zamani za Waruinge akimfanya mtu mwenye nguvu apige hewa.

Tulikuwa pia na Eddie Musi, kocha wa timu ya taifa ambaye mabondia walimwita Papa, naye ndiye aliyekuwa na vijana wetu Seoul mwaka 1988 Robert Wangila alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali na kutuletea dhahabu. Mpaka leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyeipata. Nilikuwa mtoto, nakumbuka watu wazima wakikumbatiana mbele ya duka la redio.

Miaka sita baada ya siku ile, Julai 1994, Wangila alipigana Las Vegas na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa refa alilisimamisha pambano. Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo akazirai, na siku mbili baadaye akafariki. Alikuwa na miaka 26. Simlaumu mtu yeyote kwa jambo nisilolishuhudia. Ninachokishika ni hiki: yule bondia, dakika chache kabla ya kuzirai, alikuwa na nguvu ya kusimama na kubishana na refa. Aliyesema yuko sawa alikuwa ameshaumia kichwani. Basi bondia hawezi kuwa shahidi wa hali yake mwenyewe, na ukimwuliza "unaendelea?" umemwuliza mtu ambaye jibu lake halina thamani.

Kocha Eddie Futch alilijua hilo. Manila, Oktoba 1975, Joe Frazier na Muhammad Ali walikuwa wamepigana raundi kumi na nne kwenye joto la kuua. Jicho la kulia la Frazier lilikuwa limefumba, na la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani. Imebaki raundi moja. Frazier alitaka kuinuka. Futch akamkalisha, akakatisha pambano. Raundi moja! Kuna watu wanaobishana mpaka leo kwamba angemwacha. Frazier aliishi miaka 36 baada ya usiku ule.

Sasa nizungumze na wazazi, maana najua wako wanaonisikiliza, na wengine mna binti anayetaka kucheza ngumi. Msiwazuie wasichana. Tangu Conjestina Achieng atufungulie macho, na Christine Ongare akaleta shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast mwaka 2018, neno la kwamba ngumi ni za wavulana limekwisha. Lakini kabla hujamwacha mtoto wako kwa kocha, wa kike au wa kiume, nenda ukumbini siku ya kuspaa. Usiende siku ya pambano, siku hiyo kila mtu amevaa uso wa wageni. Nenda Jumatano ya kawaida, ukae kwenye benchi. Tazama nani anapangwa na nani. Kama uzito haulingani, kama aliye mpya anatumiwa kuwa mfuko wa mchanga wa aliye mzoefu, chukua mtoto wako mrudi nyumbani. Uliza kofia za kukinga kichwa ziko ngapi. Usikubali kuambiwa kwamba wanaume wakubwa kwenye mashindano hawazivai siku hizi. Ni kweli wameacha tangu mwaka 2013, lakini mtoto wako hayuko kwenye mashindano, anajifunza. Na uliza swali moja ambalo wengi hawaliulizi: kijana akiangushwa hapa kwa pigo la kichwa, anarudi lini? Sheria za ridhaa zimesema kwa muda mrefu kwamba akiangushwa kwenye pambano asirudi ulingoni kwa siku zisizopungua thelathini. Mazoezini hakuna daktari wala karatasi, na ndiko tunakoumizwa zaidi, jioni baada ya jioni, mbele ya watu sita. Kocha akicheka swali hilo, umeshapata jibu lako. Akikaa chini akakueleza, hata kama sauti yake ni ya gwaride na filimbi inaning'inia shingoni, mpe mtoto.

Ninasema hivyo kwa sababu ya jambo nililoliona hapa Nyeri majuzi. Kuna kocha kijana, sauti yake unaisikia ukiwa bado barabarani. Ni wa filimbi kabisa, amelelewa na filimbi. Nilikuwa nimemhukumu, nakiri. Jioni ile vijana wawili walikuwa wakispaa, wa uzito mmoja, kofia kichwani, kila kitu kilivyotakiwa. Mmoja akapigwa ngumi ya pembeni, si kali ya kutisha. Hakuanguka. Alisimama, akapigana hadi kengele, akaja kona akiwa anatabasamu.

Kocha alipiga goti mbele yake. Nilisogea nisikie. Nilitarajia kelele. Akamwuliza kwa sauti ya chini, "Leo ni siku gani?"

"Jumanne, kocha."

Ilikuwa Alhamisi.

Hakusema kitu. Akashika mkono wa kulia wa kijana, akaanza kufungua kamba za glavu. Kijana akauvuta. "Niko sawa, afande. Wallahi niko sawa." Kocha akaushika tena, akaendelea kufungua fundo, kisha la mkono wa pili, huku kijana akilia kwa hasira na wenzake wote wakiwa wameacha kuruka kamba wanamtazama. Wapo waliocheka. Aliwatazama mara moja tu wakanyamaza.

Kisha akampa mwanafunzi mkubwa funguo za ukumbi, akatoka kusimamisha tuktuk ya kwenda hospitali ya rufaa. Niliwasindikiza hadi barabarani. Kijana aliingia kwanza, bado amenuna. Kocha akakaa kando yake, akamwambia dereva aende polepole kwenye matuta, na walipoondoka nikaona kupitia kitambaa cha nyuma kilichochanika kwamba amekishika kile kichwa kwa mikono yote miwili ili kisitikisike.